Uji wa Juzi

Kama gazeti la juma lililopita lilikufikia likiwa limeshafungiwa karanga, usijali. Nitakuokota pale nilipokuacha.

Nilitoka chuo cha filamu na ndoto moja tu. Nikaandika skripti kuhusu msichana anayekua katika nyumba ambamo chakula ni adhabu. Baba yake wa kambo hampigi wala hamtukani. Anakaa naye mezani tu. Uji ambao mtoto ameuacha asubuhi unarudi mchana, unarudi jioni, unarudi kesho yake, umeota utando, umechacha, mpaka bakuli liwe jeupe.

Kampuni ikaipenda. Mwigizaji wa kuwa baba akapatikana, kisha akaugua. Fundi cherehani aliyekuwa ameletwa kumshonea suruali akasoma mistari yake kwa mzaha, na watu wote wakaacha kazi wamtazame. Mwongozaji akampa kazi papo hapo.

Niliishia pale nilipochungulia mlangoni nimwone huyo fundi wa ajabu.

Alikuwa baba yangu wa kambo. Yuleyule wa kwenye skripti.

Sasa twende. Ila kama unakula, maliza kwanza.

"Shikamoo," nilisema.

Sikutaka kulisema neno hilo. Lilitoka kama kitu kilichokwama kooni halafu kikajitapika chenyewe. Lakini chumba kizima kilikuwa kinatutazama, na mimi nimelelewa, hata kama nililelewa vibaya.

"Marahaba, binti yangu." Akaninyooshea mkono. "Ndiye wewe uliyetuandikia? Hongera. Una akili kuliko umbo lako."

Watu wakacheka. Nikaushika mkono wake. Ulikuwa wa joto na majimaji, kama sponji iliyosahauliwa kwenye karo. Nilikwenda kunawa mpaka ngozi ikalalamika.

Nilijipa moyo kwamba hanijui. Nimekua, nimenyoa nywele, navaa miwani. Hata jina langu hapo kazini lilishapotea. Wananiita Msomi, kwa sababu ni mimi pekee niliyekuja na cheti ndani ya bahasha.

Nikamfuata Mwongozaji. Ni mwanaume anayevaa skafu kwenye joto na kumwita kila mtu mpenzi wangu, hata dereva wa gari la mizigo.

"Umemwona?" akaniwahi. "Wengine wanaigiza, mpenzi wangu. Huyu anaishi."

"Simtaki kwenye filamu yangu."

"Filamu yetu. Sababu?"

Nikaifuta miwani yangu.

Kabla kampuni haijaichukua skripti, wakubwa waliniuliza kama ni kisa cha kweli, maana visa vya kweli huleta mawakili. Mama yangu alikuwa ameshaniomba siku ile asubuhi. "Sema umetunga," aliniambia. "Watu wataniuliza nilikuwa wapi mimi." Nikasema nimetunga. Na mama wa kwenye skripti nilimwandika kwa mapenzi yangu yote: mwanamke anayerudi kazini amechoka, asiyejua kinachotendeka mezani kwake.

"Sababu, Msomi," Mwongozaji akarudia.

"Ananitia kinyaa."

Akapiga makofi. "Si ndivyo ulivyoandika? Mtazamaji aone kinyaa. Umefaulu, na bado unanung'unika."

Akaondoka na skafu yake.

Msinicheke kwa nilichowaza baada ya hapo. Niliwaza: acha nivumilie. Mahali fulani kuna mtoto atakayeiona filamu hii na kujua kwamba kosa si lake. Mtoto huyo ana thamani kuliko kinyaa changu. Ndivyo nilivyo. Huwa natafuta chembe ya heri hata kwenye ndoo ya taka.

Mazoezi yalifanyika katika nyumba iliyokodiwa. Sebule, meza ya mbao, kiti kirefu kuliko miguu ya mtoto. Aliyeigiza mimi ni msichana mdogo mwenye pengo la mbele, anayeongea bila nukta. Tulimwita Kifaranga. Alikuja na shangazi yake, ambaye hushika kona, hukumbatia mkoba na kusinzia.

"Dada Msomi," Kifaranga aliniuliza, "kwa nini huyu mtoto wa kwenye hadithi hasemi tu hataki?"

"Alijaribu."

"Mimi ningesema sitaki, halafu ningekimbia."

"Ungekimbilia wapi?"

Akafikiri. "Kwa shangazi."

"Huyu mtoto hakuwa na shangazi."

"Ungemwandikia mmoja. Kalamu si yako?"

Chuoni hawakunifundisha swali hilo.

Mazoezi yakaanza. Fundi akakaa mezani, akasema mstari wangu: "Chakula hakitupwi humu ndani." Akausema kwa upole, kama mtu anayemwombea mgonjwa. Bakuli lilikuwa tupu, lakini niliona uji ndani yake.

Kisha akafanya jambo ambalo halikuwa kwenye skripti. Aliivua futi yake ya kupimia nguo shingoni, akasimama, akamzungushia Kifaranga tumboni.

"Kabla ya kula tunapima," alisema. "Baada ya kula tunapima. Futi haidanganyi kama watoto."

Kifaranga akacheka, alitekenyeka.

"Kumbe," Mwongozaji akanong'ona. "Umeipata wapi hiyo, mzee?"

"Imenijia tu," akasema fundi.

Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta. Maneno yale sikuyaandika. Niliyaacha makusudi, kwa sababu kila nilipofika hapo kalamu ilikataa. Ile futi ya baridi tumboni mwangu. Ukucha wake ukitembea juu ya namba. Pumzi yake kwenye sikio langu akizisoma.

Akanitazama juu ya kichwa cha mtoto. Akanikonyeza.

Nilimfuata kwenye chumba cha nguo. Alikuwa amekaa kati ya magauni yaliyotundikwa, anatafuna njiti ya kiberiti.

"Nilikufahamu siku ya kwanza," alisema, kabla sijafungua mdomo. "Unatembea kama mama yako. Kisigino kwanza."

"Ondoka kwenye hii kazi."

"Kwani nimekosa nini?"

"Unajua."

"Nilikulisha, binti yangu. Baba yako wa kukuzaa alikupa nini zaidi ya masikio makubwa? Mimi nilikaa mezani na wewe. Wanaume wangapi wanakaa mezani na mtoto asiye wao?"

"Ulikaa mpaka nitapike. Halafu uliniambia nianze upya."

"Na umekua. Una afya, una meno yote, una cheti." Akaitoa njiti mdomoni, akaitazama ncha yake iliyolowa, akairudisha. "Mimi sina kinyongo. Umeniandika vizuri sana. Ila pale mwisho, ninapobaki mezani peke yangu, umenionea. Pale nililia."

Nikasita. Waigizaji walikuwa bado hawajapewa sehemu ya mwisho. Mwongozaji anaificha kama bibi harusi.

"Mwisho umeusoma wapi?"

"Sijausoma. Nimesomewa." Akatabasamu. "Mama yako ana sauti nzuri ya kusoma, hasa akiwa amelala chali."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Hakukwambia? Tumerudiana tangu ulipokwenda chuo. Ulipokuwa unakuja likizo nilikuwa nahamia kwa kaka yangu. Usumbufu mtupu. Lile godoro la kwa kaka limenimaliza mgongo."

Nikakumbuka likizo zote zile. Mama akinipokea mlangoni, akinikumbatia, nyumba inanukia sabuni. Alikuwa anasugua harufu ya mwanaume huyu.

Mama yangu anapiga pasi kwa dobi. Nilimkuta ndani ya mvuke, mashati ya watu yamejaa pande zote kama wageni wasioondoka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mbona uso umekuvimba hivyo?"

"Ni kweli?"

Hakuuliza ni kweli nini. Akageuza shati upande wa pili, akainyoosha kola kwa kiganja.

"Upweke ni ugonjwa, mwanangu. Bado hujaugua."

"Mama. Yule mtu?"

"Amebadilika. Nilimsomea hadithi yako, akalia."

"Alilia wapi?"

"Mwishoni."

"Kwenye uji hakulia?"

Pasi ikasimama. "Kwenye uji alisema umeandika vizuri."

Nilitaka kucheka, nikaogopa nitakachotoa badala ya kicheko.

"Alitamani tu kukuona," mama akaendelea. "Nikamwambia kule kwenu wanatafuta fundi."

"Kwa hiyo ni wewe uliyemleta."

"Nilitaka mpatane. Kwani filamu yako inasema nini? Si kwamba mtu ayatazame ya nyuma usoni ndipo apone? Si wewe uliyenieleza hayo mpaka chai ikapoa? Basi nimekuletea ya nyuma. Yatazame."

Ni maneno yangu kweli. Niliyasema kwa macho yanayong'aa, nikiwa nimekaa kwenye kiti chake. Kuyasikia yakirudi kutoka kinywani mwake ni kama kuvishwa nguo yangu mwenyewe ikiwa chafu.

"Kesho ndiyo mnapiga ile ya mezani," akasema. "Nitakuja kuangalia. Lakini usiseme neno mbele za watu. Mimi bado natembea kwenye mtaa huu. Nakuomba kama mama yako."

Nikamwahidi. Tena nikabaki, nikamkunjia mashati. Mikono yangu ilifanya yenyewe, kwa mazoea, na nikaichukia mikono yangu.

Kesho yake sebule ilijaa taa na nyaya. Mama alifika amevaa gauni lake la kutokea. Mwongozaji akamkaribisha kwa heshima zote kama mama mzazi wa mwandishi. Fundi akamsalimia kama mtu wanayeonana mara ya kwanza.

"Karibu, mama. Binti yako ni hazina."

"Ahsante, baba."

Nikatazama pembeni. Baadaye niliwaona wakielekea chumba cha nguo, fundi mbele, mama nyuma, ati gauni limefumuka pindo na fundi atalitia sindano.

Uji wa filamu hutengenezwa na mama wa vifaa, yule anayetunza vyombo vya kuigizia. Ni unga, maziwa na sukari, mtamu kiasi kwamba wafanyakazi huuiba. Kifaranga alikula bakuli la kwanza akaomba jingine.

"Kata," akasema Mwongozaji. "Mpenzi wangu, unateswa. Usitabasamu."

"Lakini mtamu."

"Jifanye mchungu."

Akajifanya. Alikunja uso kama mtu anayetaka kupiga chafya. Watu wakacheka, hata aliyeshika taa. Wakarudia. Wakarudia tena. Mwongozaji akaanza kuivuta skafu yake, na mwenye mali kutoka kampuni akaanza kutazama saa.

Fundi akamwinamia Mwongozaji sikioni, akamnong'oneza. Mwongozaji akatafakari kidogo.

"Haitamdhuru?"

"Mimi nimelea," fundi akasema.

"Basi pumzikeni kidogo."

Tuliporudi, bakuli lilikuwa mezani limeshajaa. Mama wa vifaa alikuwa bado nje na kikombe chake cha chai.

Harufu ilinifikia mlangoni. Siwezi kuieleza kwa mtu ambaye haijakaa kichwani mwake. Ni uchachu wenye joto, kama kitambaa kilichofuta maziwa na kutupwa kwenye kona. Mdomo wangu ulijaa mate.

Kando yangu alikaa mtu wa sauti. Tunamwita Masikio, kwa sababu anavaa vile vya kusikilizia kuanzia asubuhi mpaka kazi iishe na haongei na mtu. Kila mwigizaji ana kinasa chake kidogo kilichobanwa ndani ya nguo, na Masikio husikia hata tumbo likinguruma.

"Kamera. Anza," akasema Mwongozaji.

Kifaranga akachota kijiko kwa furaha, akatia mdomoni.

Uso wake ukabadilika. Safari hii hakujifanya.

"Safi," Mwongozaji akanong'ona. "Hapohapo. Asikate mtu."

Fundi aliinama karibu na mtoto, tabasamu limeelekezwa kwenye kamera, midomo haichezi sana. Masikio akakunja uso. Akavua vile vya kusikilizia, akanivalisha bila kusema kitu.

Sauti ya fundi ikaingia kichwani mwangu, karibu kuliko pumzi yangu.

"Ukitapika, unaanza upya."

Kifaranga akatafuta kona kwa macho. Shangazi yake alikuwa amepelekwa nje kunywa chai. Mtoto akateremka kwenye kiti akimbie, kama alivyoniambia angefanya. Mkono wa fundi ukatua begani kwake, taratibu sana, ukamrudisha.

"Sitaki," akasema Kifaranga.

"Chakula hakitupwi humu ndani."

Kichwani niliiona filamu yangu, jina langu likipanda kwenye kitambaa cheupe, yule mtoto wa mahali fulani akiwa gizani ananitazama. Nikamwona mama mlangoni, amekunja mikono, ananitikisia kichwa: usiseme. Halafu nikamwona mtoto aliyekuwa hapa, mbele yangu, machozi yakiteremka kuelekea kwenye kijiko.

"Kata," nikasema.

Neno hilo si la mwandishi. Kwenye kazi yetu ni kama kushika usukani wa gari la mtu. Watu wote wakageuka.

Nikaingia kwenye taa. Kifaranga alinishika kiunoni na kutema vyote vilivyokuwa mdomoni kwenye sketi yangu. Nikamwacha ateme.

"Uji huu ni wa juzi," nikasema. "Mtoto wa watu mnamlisha uji uliooza. Na hadithi hii sikuitunga. Mtoto ni mimi. Baba ni huyu hapa. Alinifanyia haya haya, kwa maneno haya haya."

Taa zilikuwa zinavuma.

Fundi akatikisa kichwa kwa huruma.

"Masikini. Kazi imemzidi." Akalivuta bakuli kwake. "Uji gani umeoza? Huu?"

Akachota. Akala. Akachota tena, polepole, akiufuata ule utando pembeni kwa kijiko na kuumeza, macho yake yakinitazama mimi. Povu dogo lilibaki kwenye sharubu zake. Alipomaliza alipangusa bakuli kwa kidole, akakilamba, akaliinua bakuli jeupe mbele ya kamera, ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima.

"Mbona mtamu," akasema.

Mtu mmoja akacheka. Mwingine akapiga makofi. Wakapiga na wengine, kwa kushusha pumzi tu, kwa sababu walitaka yale niliyoyasema yawe hayakusemwa. Niliwatazama nikaona kinyaa kipya, kikubwa kuliko cha bakuli. Hawa ni watu niliokula nao mchana kila siku.

Mwongozaji hakupiga makofi. Kwa hilo namsifu.

"Msomi," akasema, na hakuniita mpenzi wake. "Ulikaa mbele ya wakubwa ukasema umetunga. Sasa unasema ni kweli. Kama ni kweli, mzee huyu anatoka sasa hivi na mtoto huyu haguswi tena. Kama si kweli, unatoka wewe, filamu inabaki. Nani mwingine anajua?"

"Mama yangu. Yupo pale."

Wote wakamgeukia. Alikuwa amesimama mlangoni na gauni lake la kutokea, pindo halijashonwa.

Nilimtazama kwa tumaini lote nililonalo, na mimi nina mengi, mnanijua. Niliwaza: sasa. Sasa atanichagua mimi.

Mama akalamba midomo.

"Mwanangu amesoma sana," akasema. "Tangu mdogo alikuwa anapenda kutunga."

Kifaranga bado alikuwa amenishika. Nilimsikia akiuliza, "Dada, kwani huyo si mama yako?"

"Basi, mpenzi," Mwongozaji akaniambia, kwa masikitiko ya kweli. "Kachukue mkoba wako."

"Bosi."

Ilikuwa sauti ambayo wengi wetu hatukuizoea. Masikio alikuwa amesimama.

"Kinasa cha fundi sikukizima tangu asubuhi. Huwa sizimi, tunapoteza muda kukitega upya. Alikwenda nacho chumba cha nguo." Akasita. "Na huyu mama."

Fundi akapeleka mkono kwenye kola. Akakipapasa kile kidude kidogo, akakiangalia kama mtu aliyekuta kupe kwenye ngozi yake.

"Nilikuwa nimevaa hivi vya kusikilizia muda wote," Masikio akasema. "Nilidhani wanafanya mazoezi. Sasa ndiyo nimeelewa. Ninayo hapa. Niwasikilizishe?"

Hakumuuliza Mwongozaji. Aliniuliza mimi.

Mama aliivuka sebule, akakanyaga nyaya, akanishika mikono yote miwili.

"Mwanangu, usimruhusu."

"Unamwogopea nani, Mama?"

"Usimruhusu tu. Nimekuomba mara ngapi tangu nikuzae? Tutaondoka mimi na wewe sasa hivi. Nitamfukuza nyumbani leo leo. Nitakwenda kwa huyo bosi wako niseme yote ni kweli. Ila hiyo usiisikilize."

Alikuwa analia. Mikono yake ilinukia wanga wa mashati. Kila kitu nilichokuwa nakitaka tangu utotoni alikuwa ananipa, hapo hapo, kwa bei ya kutosikiliza tu. Nilikaribia kukubali. Nilikaribia sana.

Lakini Kifaranga alikuwa anasukutua mdomo kwa maji, anatema kwenye kopo, anasukutua tena, na bado uso umekunjamana.

"Fungulia," nikasema.

Masikio akabonyeza.

Spika ikatoa mkwaruzo wa nguo, mlango ukifungwa, kisha sauti ya fundi: "Uji utatosha kweli?"

Halafu sauti ya mama yangu. Laini, ya utulivu, ile aliyokuwa akiniitia mezani.

"Utatosha. Nimeuweka juu ya kabati tangu juzi, nimeufunika na sahani. Kama nilivyokuwa nauweka ule wa kwake."

Fundi akacheka kwenye spika. "Na mpaka leo anajua ni mimi tu."

"Acha ajue hivyo."

Mikono ya mama ilikuwa bado imeshika yangu. Nikaitoa. Nilihisi kama navua glavu ya mtu mwingine niliyoivaa miaka yote.

Masikio alipeleka kidole azime. Nikamzuia.

"Lakini niambie," fundi alikuwa anasema kwenye spika, na hakuwa anacheka tena. "Mimi sikumzaa. Wewe ulimfanyia vile kwa nini?"

Kwenye spika mama yangu akavuta pumzi ajibu. Mbele yangu, mama yangu akaziba masikio kwa viganja vyote viwili.